Kete Ziwe Mkononi mwa Mhojiwa

Hakuna serikali iwezayo kuwatendea insafu watu isiowajua, na hakuna njia ya kuwajua watu walio wengi, waliotawanyika mijini na mashambani, visiwani na nyikani, ila kuwaendea na kuwauliza. Kwa sababu hiyo mdadisi abishaye hodi mlangoni, kishikwambi chake mkononi na barua ya ruhusa mkobani, ni mjumbe wa jambo kubwa kuliko yeye mwenyewe. Na jawabu apewalo na mama aliyeacha kupepeta mchele ili amsikilize, au na mvuvi aliyeweka kando wavu aliokuwa akiushona, litakwenda mbali kuliko wote wawili, maana litaingia katika hesabu ya zahanati zitakazojengwa, ya shule zitakazoongezewa walimu, na ya pembejeo zitakazopunguzwa bei au kuachwa kama zilivyo. Kwa taadhima ya kazi hiyo nataka kulieleza jambo ambalo wengi wetu tumelipitia na wachache wetu tumelisema, ya kwamba namna yetu ya kuwahoji watu inawachosha. Na kwamba uchovu huo, ambao tumezoea kuuhesabu kuwa ila ya mhojiwa, kwa hakika ni ila ya hojaji, na dawa yake moja, ijapokuwa si dawa pekee, ni kuuingiza mchezo katika mahojiano.

Najua ya kuwa msomaji mwenye makini atashtuka, akidhani kwamba ninataka kazi nzito ya takwimu ifanywe maskhara ya watoto. Namwomba kwanza atazame mahojiano yenyewe jinsi yalivyo. Katika utafiti wa kufuatilia kaya ulioanza Tanzania mwaka 2008, ambao Ofisi ya Taifa ya Takwimu huuendesha kwa msaada wa Benki ya Dunia, mwenye nyumba huulizwa habari za mashamba yake, mavuno yake, mifugo yake, elimu ya watoto wake, maradhi ya jamaa zake na mapato ya kila mmoja wao. Na ifikapo zamu ya chakula huulizwa aina moja baada ya nyingine, kama katika siku 7 zilizopita kaya ilikula mchele, kama ilikula unga wa mahindi, kama ilikula mihogo, ndizi, maharage, dagaa, na kwa kila chakula anachokubali kuwa alikula hufuata maswali mengine ya kiasi gani, kilichonunuliwa kipi, kilichotoka shambani kipi, na kwa bei gani. Mtu yeyote mwenye akili timamu, akisha kukubali vyakula vichache na kuona kila «ndiyo» yake inazaa mlolongo wa masuali, hujifunza upesi kwamba «hapana» ndilo jawabu fupi; na bila ya kukusudia uongo, ila kwa haja ya kurudi kwenye chungu kilicho motoni, huanza kusema hapana hata mahali pa ndiyo. Jon Krosnick, mwanachuoni wa Marekani, aliieleza tabia hii mwaka 1991, akionyesha kwamba mhojiwa aliyechoka haachi kujibu, bali huacha kufikiri, akatoa jawabu la kwanza linalotosha kumridhisha muulizaji na kumfikisha mwisho wa kazi.

Na kama yuko adhaniye kwamba taifa halidhuriki kwa hapana ndogondogo kama hizo, na alitazame jaribio lililofanywa papa hapa Tanzania katika mwaka 2007 na 2008, ambamo Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na wenzao waliuliza jambo moja, yaani matumizi ya kaya, kwa namna 8 mbalimbali, katika kaya zipatazo 4,000 zilizogawanywa kwa bahati: wengine wakaulizwa kwa orodha ndefu, wengine kwa orodha fupi, wengine wakaombwa wakumbuke siku 7, wengine siku 14, na wengine wakapewa daftari la kuandikia siku kwa siku. Kwa kuwa kaya ziligawanywa bila ya upendeleo, majawabu yalitazamiwa kulingana. Walakini yalitofautiana, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa kiasi cha kubadili hesabu ya watu wanaoitwa maskini. Umaskini haukuwa umepungua katika kijiji kimoja na kuzidi katika kingine. Ni maswali yaliyobadilika. Yule basi asemaye kwamba namna ya kuuliza ni jambo la pambo, na kwamba lililo muhimu ni swali lenyewe, ana ushahidi huu wa kuujibu kabla ya kuendelea.

Katika nchi za Ulaya na Marekani, ambako hojaji nyingi siku hizi hujazwa katika intaneti bila ya mhoji kuwapo, watafiti wa masoko waliutambua ugonjwa huu mapema, kwa sababu mhojiwa wao hana haya ya mgeni aliyeketi mbele yake: akichoka huifunga hojaji akaenda zake. Jon Puleston na Deborah Sleep walitoa mwaka 2011 habari za majaribio yao ya kutia michezo katika hojaji, na Betty Adamou akaliandikia jambo hilo kitabu kizima kilichotoka mwaka 2018. Katika majaribio ya Puleston na mwenziwe liko moja ambalo, ingawa ni dogo, lina hekima ya kututosha. Watu walipoombwa wajieleze, waliandika machache na ya juujuu; walipoombwa wajieleze kwa maneno 7 tu, yasizidi wala yasipungue, waliandika mengi zaidi. Hawakupewa zawadi, wala picha za rangi, wala pongezi. Walipewa sharti tu, na sharti liliiamsha akili iliyokuwa imelala. Hapa ndipo ilipo tofauti ambayo nataka msomaji aishike katika yote yanayofuata, kati ya mchezo ulio kanuni, ambao humpa mtu jambo la kufanya kwa fikira zake, na mchezo ulio pambo, ambao humpa alama, nishani na tunu ili astahimili jambo lile lile lililokuwa likimchosha.

Njia ya pambo ndiyo nyepesi, na kwa wepesi wake ndiyo inayofuatwa na wengi, nami naiona kuwa ya hatari. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha habari za watoto wadogo wa shule ya awali waliokuwa wakipenda kuchora: wale walioahidiwa hati ya sifa kwa kuchora kwao, na wakapewa, walionekana siku za baadaye wakichora kwa muda uliopungua karibu nusu kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu, kana kwamba ahadi ile ilikuwa imewafundisha kwamba kuchora hakuna ladha isiyolipwa. Mtu mzima si mtoto, lakini na yeye ana lile pendo la kwanza ambalo mtafiti hulikuta bure mlangoni, yaani hiari ya kusaidia, fahari ya kuulizwa rai yake, na ukarimu wa kumpa mgeni kiti. Nayo yote matatu hupungua pale yanapotiwa katika mizani ya pointi. Zaidi ya hayo, mwenye kuhesabiwa pointi kwa kila jawabu hujifunza kutoa majawabu mengi, na mwenye kuahidiwa bahati nasibu mwishoni hujifunza kufika mwishoni. Wala hakuna katika hayo mawili kinachomfundisha kusema kweli.

Tena sisi wa Afrika ya Mashariki tunayo sababu yetu ya kuogopa. Simu zetu zimejaa matangazo ya kubeti, na kando ya hayo zimejaa jumbe za matapeli zinazomwambia mtu kwamba ameshinda fedha na kwamba atume namba yake ya siri ili azipokee. Katika hali kama hii, hojaji inayofika kwa simu na kuahidi ushindi hufanana na ulaghai kwa sura na kwa lugha, hata mtu mwenye tahadhari akaikimbia na mwenye tamaa akaijaza kwa pupa. Na takwimu zitakazobaki zitakuwa za wenye tamaa peke yao.

Sasa na tuutazame mchezo ulio kanuni, na mfano wake ulio bora kwangu hautoki mbali. Adeline Delavande na Hans-Peter Kohler, katika utafiti wa vijijini Malawi uliochapwa mwaka 2009, walitaka kujua watu wanakadiria vipi mambo yaliyo ghaibu: uwezekano wa kupungukiwa chakula, wa kuambukizwa virusi vya UKIMWI, hata wa kufikwa na mauti. Kumtaka mkulima ajibu kwa asilimia ni kumtaka azungumze kwa lugha ya darasani ambayo pengine hakuipata, na kumwachia aseme «labda» au «huenda» ni kurudi na maneno yasiyopimika. Wao walimpa maharage 10 katika kikombe, na sahani. Asipoweka hata moja katika sahani, maana yake ana yakini kwamba jambo halitakuwa. Akiyaweka yote 10, ana yakini kwamba litakuwa. Na kati ya hapo kila harage ni nafasi moja katika 10. Na ili maana hiyo ieleweke, mhojiwa alipewa mfano wa bawo, mchezo ambao ni ndugu wa bao letu la pwani: akiweka maharage 7 kwa kuulizwa kama atashinda, ni kusema kwamba wakicheza mara nyingi anatumaini kushinda mara 7 katika kila 10.

Kisha wakajaribu kama watu wameelewa. Mhojiwa aliulizwa uwezekano wa kwenda sokoni katika siku 2 zijazo, halafu katika wiki 2 zijazo. Na kwa kuwa aendaye katika siku 2 huwa amekwenda pia katika wiki 2, maharage ya swali la pili hayawezi kuwa machache kuliko ya lile la kwanza. Karibu wote walilishika sharti hilo, wasomi kwa wasiosoma. Mwenye kudhani kwamba watu wa mashamba hawawezi kuwaza kwa hesabu za bahati alikosea anwani ya kasoro: hawakuwa wamekosa fikira, walikuwa wamekosa chombo cha kuitolea.

Siri ya maharage yale, kwa rai yangu, ni kwamba yalimrudishia mhojiwa mambo ambayo hojaji ilikuwa imemnyang'anya. Jawabu lake sasa lilikuwa mbele ya macho yake, si katika kioo kilichoelekezwa kwa mdadisi. Lilitoka mkononi mwake, kwa mwendo wake. Na aliweza kulitengua, akaongeza harage moja au kuliondoa, bila ya kuomba radhi na bila ya kuonekana kigeugeu, kwa sababu katika mchezo wa kete kufikiri upya kabla ya kuachia ni haki ya mchezaji. Mtu anayeweza kulisahihisha jawabu lake mwenyewe ameacha kuwa kitu kinachochunguzwa, akawa mshirika wa uchunguzi.

Watu wa mifugo walilijua jambo hili kabla ya wengi. Robert Chambers, ambaye katika ujana wake alikuwa mtumishi wa utawala katika Kenya ya kikoloni, aliwasihi wataalamu kwa miaka mingi waketi chini na wakabidhi fimbo, yaani wamwachie mwanakijiji achore mwenyewe ramani ya kijiji chake katika vumbi na apange mwenyewe mbegu za kupimia shida zake. Waganga wa mifugo wakaichukua njia hiyo, wakawapa wafugaji rundo la vijiwe au mbegu, mara nyingi 100, na kuwaomba wazigawe kwa kadiri kila maradhi yalivyowapata ng'ombe wao. Andrew Catley na wenzake, katika utafiti waliouchapa mwaka 2004, waliwauliza wafugaji wa Tanzania kwa njia za namna hiyo juu ya ng'ombe wanaohema na kushindwa kustahimili jua, hali ambayo wafugaji wenyewe waliijua na kuihusisha na ugonjwa wa miguu na midomo. Na ujuzi huo wa wenyeji ukaingia katika maandiko ya wataalamu. Na sotoka, maradhi yaliyofyeka ng'ombe wa Afrika tangu mwisho wa karne ya 19, ilipotangazwa mwaka 2011 kuwa imetoweka duniani, sehemu ya ushindi huo ilitokana na kuwasikiliza wafugaji kwa njia kama hizi, katika nyika ambazo maabara hazikufika. Mfugaji ambaye angalijibu hojaji ya kurasa nyingi kwa maneno mafupi na macho yaliyo kwenye zizi, hukaa akavigawa vijiwe vyake, akavigawa tena, akabishana na nduguye juu ya kijiwe kimoja, na katika ubishi huo mtafiti akapata maarifa ambayo hakuna swali lililokuwa limeyatarajia.

Iko faida nyingine ya mchezo iliyo tukufu kuliko kuondoa uchovu, nayo ni kuilinda siri. Mwaka 1965 mwanatakwimu Stanley Warner alibuni njia ya kumwuliza mtu jambo la aibu bila ya kumwaibisha: mhojiwa azungushe mshale peke yake, mhoji asiuone uliposimama, kisha aseme tu kama mshale umeelekea upande ulio wake au sivyo. Waliomfuata wakatumia sarafu, kadi na dado, na kanuni ya sarafu ni nyepesi kueleza. Tuchukue mfano wa kubuni wa watu 1,000 wanaoulizwa kama wamewahi kutoa rushwa. Kila mmoja arushe sarafu kwa siri. Ikiangukia upande wa kichwa aseme ndiyo, awe ametoa au hakutoa, na ikiangukia upande wa pili aseme kweli. Kwa takdiri watu 500 watasema ndiyo kwa amri ya sarafu tu. Basi zikipatikana ndiyo 600, zile 100 zilizozidi zimetoka kwa wale 500 waliotakiwa kusema kweli, na hesabu ya watoa rushwa ni mmoja katika watano. Taifa limejua, na hapana hata mtu mmoja ambaye mdadisi, au hakimu, au jirani aliyesikiliza dirishani, aweza kumnyoshea kidole.

Kando ya Serengeti, ambako kuwinda bila ya ruhusa ni kosa la sheria na hakuna mwenye busara atakayelikiri mbele ya mgeni, Ana Nuno na wenzake walitumia njia iliyo jamaa ya hiyo, wakaichapa habari yake mwaka 2013: watu walipewa orodha ya shughuli na kuulizwa idadi tu ya zile zinazofanywa na kaya zao, bila ya kuzitaja; orodha ya kundi moja ilikuwa na uwindaji ndani yake na ya kundi la pili haikuwa nao, na tofauti ya wastani wa makundi mawili ikatoa hesabu ya wawindaji. Njia hizi zina gharama yake, maana huhitaji wahojiwa wengi zaidi ili hesabu itulie, na wako ambao hawaiamini sarafu, wakasema hapana hata inapowaamuru kusema ndiyo. Lakini kilichofanyika hapa ni jambo ambalo ahadi za maneno za kutunza siri hazikuweza kulifanya: dhamana imetoka mdomoni mwa mdadisi ikatiwa katika kanuni ya mchezo, ambayo mhojiwa anaiona na kuishika kwa mkono wake.

Nisingekuwa mwaminifu kama ningelisifu jambo hili nisiitaje mipaka yake. Mpaka wa kwanza ni msiba. Mama anayeulizwa kuhusu mtoto aliyemzika, au mwanamke anayeulizwa kama mumewe humpiga, hakuja kucheza, na kumwekea mbele maharage ya kuhesabia majeraha yake ni utovu wa adabu ambao hakuna faida ya takwimu iwezayo kuufidia. Kukadiria yajayo kwa kete ni jambo moja. Kulisimulia lililokwisha kuumiza ni jambo jingine, na hilo halitaki ila sikio lililotulia na muda usiohesabiwa. Mpaka wa pili ni faragha. Mchezo huita watazamaji, na katika vijiji vyetu kete zikisikika zikigonga, baraza hujaa. Ilhali katika tafiti za afya na idadi ya watu, maswali ya ukatili wa nyumbani huulizwa mwanamke mmoja tu katika kaya, naye akiwa peke yake, na akitokea mtu mazungumzo hukatwa. Penye siri ya namna hiyo hapafai kuletwa chombo kinachovuta macho.

Mpaka wa tatu ni dini na desturi. Katika miji ya pwani, na si huko tu, wako watu wengi wacha Mungu ambao dado kwao ni alama ya kamari, na hata sarafu inayorushwa huwatia tashwishi. Kuwalazimisha ni kuwadhulumu, na kuwaacha ni kuwatoa katika hesabu ya taifa. Vipande vya mti vya rangi mbili katika mfuko, vinavyochomolewa bila ya kutazamwa, hufanya kazi ile ile ya hesabu bila ya kubeba sura ya kamari; na mwenye kuulizwa kwanza ni mwenyeji wa mahali, kabla ya chombo kuchapwa na kusafirishwa. Na hata mchezo usio na haramu ndani yake una maana ambayo watu huuongezea wao wenyewe. Jean Ensminger alipowapelekea Waorma wa Kenya mchezo wa majaribio ambamo kila mtu huchagua kiasi cha fedha atakachotia katika fungu la wote, wao waliutambua mara moja kuwa ni harambee, wakauita hivyo, na wakachanga kwa ukarimu. Mtafiti alidhani ameleta mchezo usio na asili. Watu wakauingiza katika maisha yao na kuucheza kwa desturi ya kwao. Hilo silioni kuwa dosari, bali ni onyo kwamba hakuna mchezo ulio mtupu, na kwamba asiyejua watu wanacheza nini nyumbani kwao hatajua walimjibu nini.

Nimesema habari za Malawi na za Marekani, lakini mfano wa juu kabisa wa kuulizana kwa mchezo tumeulea sisi wenyewe, nao ni vitendawili. Atakaye kuuliza husema «Kitendawili!», na hawezi kuendelea mpaka walioketi wamjibu «Tega!»; ridhaa imetangulia swali, tena kwa sauti ya wote. Swali likiwashinda, muulizaji hudai mji, naye hupewa mji. Lakini akisha kupewa, ana wajibu wa kulifumbua, na kila aliyeketi huondoka akijua jambo ambalo hakulijua. Kisha zamu hugeuka, na aliyekuwa akiulizwa huuliza. Wazee waliotulea kwa vitendawili hawakuandika kanuni za utafiti, walakini ndani ya mchezo ule waliweka ridhaa, zamu, na deni la muulizaji kwa waulizwaji.

Zipime hojaji zetu kwa kanuni hizo tatu. Ridhaa husomwa kwa haraka katika karatasi, mhojiwa akatikisa kichwa kwa kitu asichokisikia vema. Zamu haipo, kwa sababu mdadisi huuliza tangu mwanzo hata mwisho, na swali la mhojiwa, akithubutu kuliuliza, huhesabiwa kuwa ni kupoteza wakati. Na fumbo halifumbuliwi kamwe: majawabu hupelekwa mjini, hutengenezwa majedwali, hutolewa ripoti katika ukumbi wa hoteli, na mama aliyeacha mchele wake hajui mpaka leo alisaidia kugundua nini. Amekwisha kutoa mji, na hakuna aliyemrudia na jawabu. Hiyo ndiyo asili ya uchovu ninaousema. Si urefu wa saa peke yake, bali ni kutumika katika mchezo ambao kanuni zake hukuzijua, zamu yako haikufika, na mwisho wake hukuambiwa.

Kwa hiyo rai yangu kwa ofisi zetu za takwimu, kwa vyuo vikuu vyetu, na kwa mashirika yanayopeleka wadadisi katika vijiji vyetu ni hii. Kila hojaji, kabla ya kuongezewa mchezo wowote, na ipunguzwe maswali ambayo hakuna aliyepanga kuyatumia, kwa maana mchezo uliotiwa ili kuficha urefu usio wa lazima ni hila. Penye swali la kukadiria, la kulinganisha au la kupanga kwa umuhimu, mhojiwa apewe kete azishike mwenyewe, mbegu au vijiwe vya mahali pake, na mdadisi afundishwe kunyamaza wakati zinapopangwa. Penye swali la aibu au la hatari, itumike kanuni ya siri, kwa chombo ambacho wenyeji wamekikubali. Mahojiano ya simu yasidhaniwe kuwa nje ya jambo hili: mpango wa Sauti za Wananchi wa shirika la Twaweza, ulioanza mwaka 2012 kwa kuwapa wahojiwa simu na vyombo vya kuchajia kwa nguvu za jua, umeonyesha kwamba watu wa vijijini huweza kuulizwa mara kwa mara kwa sauti, na hakuna kinachomzuia mtu aliye upande wa pili wa simu kushika punje 10 za mahindi yake mwenyewe na kusema ametenga ngapi. Pointi, nishani na bahati nasibu zipigwe marufuku katika tafiti za umma; na kama mhojiwa amepotezewa nusu siku ya kazi, alipwe fidia ya nusu siku hiyo waziwazi, kwa kiwango kimoja kwa wote, awe amejibu mengi au machache.

Na mwisho wa kila mahojiano mdadisi aseme, «Sasa zamu ni yako,» aweke kishikwambi chini, na ayajibu maswali ya mwenyeji wake. Na kila kijiji kilichoulizwa kirudishiwe, katika mkutano wake na kwa lugha yake, yale yaliyopatikana kwake na kwa wenzake. Najua gharama zitatajwa. Lakini gharama hiyo na ilinganishwe na ile tunayoilipa sasa bila ya kuiandika, ya kupanga miaka mingi ya maendeleo juu ya majawabu ya watu waliokuwa wakitamani tu kuachwa waende zao.

Wala siombi kuaminiwa kwa maneno. Jaribio la mwaka 2007 na 2008 lilitufundisha njia: utafiti ujao wa kaya na ugawanywe kwa bahati, nusu ya wadadisi waende na hojaji ya kawaida, nusu waende na hojaji iliyopunguzwa pamoja na mfuko wa kete, na matokeo ya pande zote mbili yachapwe bila ya kufichwa, hata yakinikanusha. Yakithibitisha kwamba mkulima aliyeshika kete zake husema kweli zaidi kuliko mkulima aliyechoka, basi hatutakuwa na udhuru wa kuendelea kumchosha.